Kipande cha Mia Nne na Sita

Niseme wazi tangu mwanzo: sijamsamehe Kalinga, na sina mpango huo. Padre amenisema, mama alinisema mpaka akachoka, na mume niliyekuja kuolewa naye baadaye alisema moyo wangu una kutu. Basi na uwe nayo. Sikiliza kwanza, ukimaliza unihukumu utakavyo, ila ushauri wa kusamehe ubaki nao mwenyewe.

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa nakaa na mdogo wangu Liberatus kwenye kambi ya shamba moja la chai, juu kule Mufindi. Liberatus alikuwa mchumaji wa kudumu. Mimi nilimpikia, na majani yakizidi tuliitwa wanawake kusaidia. Tulikuwa wawili tu katika chumba kimoja cha matofali mabichi, yeye ana miaka ishirini na mbili, mimi nimemzidi kwa minne. Jina langu ni Evarista.

Kila mfanyakazi alikuwa na kipande chake, kadi ya karatasi ngumu yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anaweka alama kwa penseli kwenye chumba kimoja na kuandika tarehe pembeni. Vyumba vyote vikijaa ndipo mwezi wako umekwisha. Usipokwenda kazini, chumba kinabaki kitupu, na nyapara hapendi vyumba vitupu, maana meneja anamwandama yeye. Hapo ndipo ilipotoka desturi yetu ya kushikiana vipande. Mtu akiugua, ndugu yake anachukua kadi yake na kuingia shambani kwa namba yake. Nyapara anaita namba, haiti jina. Unaitika, unaweka kikapu kwenye mizani, unapata alama, unakwenda zako. Asubuhi za kipupwe ukungu wa kule ni mzito, na kila mtu amejitupia gunia kichwani kujikinga na manyunyu, hata mke na mume huwatambui. Kwa hiyo kwenye daftari za shamba lile hapakuwa na mtu aliyewahi kuugua. Watu zaidi ya mia nne, katika baridi ile, miaka nenda miaka rudi, wote wazima kama chuma!

Namba ya Liberatus ilikuwa mia nne na sita. Nyapara wetu alikuwa Kalinga. Alikuwa Mhehe kama sisi na Mkatoliki kama sisi, na Jumapili ndiye aliyeongoza rozari kambini kwa sauti nzuri ya kutetemeka. Ningefurahi kukwambia alikuwa na sura mbaya, lakini hakuwa nayo.

Mwaka huohuo sheria mpya ya kazi ilianza. Karani wa shamba, Yunusu, alibandika ilani kwenye ukuta wa ofisi akatusomea. Yunusu alikuwa kijana wa Iringa mjini, wa watu wa Kiislamu ambao babu zao walitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya tuone haya kufungua midomo. Alisoma polepole, mara mbili. Mfanyakazi akiugua na akaleta cheti cha daktari, apumzike siku zilizoandikwa, na mshahara wake na posho yake visikatwe.

"Hata sisi wa vipande?" mtu mmoja aliuliza.

"Hata nyinyi wa vipande," Yunusu alijibu.

Tulipiga makofi. Liberatus alipiga kwa nguvu zaidi ya wote, na nilimcheka njiani tukirudi chumbani. Nikikumbuka makofi yale natamani kutupa kitu ukutani.

Mwishoni mwa Juni alianza kukohoa, kisha kichomi kikamshika ubavuni, akawa anapumua kwa kukatakata. Nilimpeleka kwenye zahanati ya masista. Sista alimpiga sindano, akaandika cheti: siku kumi na nne, kitandani, asiguse kazi. Tulikipeleka kwa Kalinga siku ileile. Tulimkuta amekaa juu ya sanduku karibu na mizani, akipumzika.

"Kamwene, bwana nyapara," Liberatus alimsalimu. "Sista amenipa siku kumi na nne. Cheti hiki hapa."

Kalinga alikipokea akakisoma, maana kusoma alijua. Kisha akachana sehemu ya karatasi ile yenye maandishi, akatoa tumbaku mfukoni, akaisokota ndani yake, akalamba ukingo, akawasha. Sisi tumesimama pale tunamtazama. Aliivuta ile sigara mpaka mwisho, siku kumi na nne za mdogo wangu, akazikanyaga kwa kisigino.

"Sheria iko kwa ukuta," alisema. "Hapa kwa majani iko mimi. Kama huyu anaumwa, dada yake ashike kipande. Siku zote mnafanya hivyo, leo mmekuwa Wazungu?"

Nilishika kipande siku tisa. Nilichuma, nikaitika "mia nne na sita", nikapata alama. Na hapa nakiri kosa langu, kwa sababu sitaki ulione mwenyewe ukadhani nilikuwa nimelificha. Siku zile tisa nilimficha mdogo wangu. Vile vyumba vingebaki vitupu, pengine meneja angeuliza, pengine Yunusu angeandika mahali. Lakini nilivijaza kwa mikono yangu, na kila alama niliyopata ilisema Liberatus ni mzima.

Siku ya kumi, Jumatatu, Kalinga alikuja mlangoni kwetu kabla ya kazi.

"Leo namtaka mia nne na sita mwenyewe. Kuna mtaro wa kuchimba, maji yanaingia kiwandani. Mwanamke hachimbi mtaro wangu."

"Mzee Kalinga, hawezi hata kukaa," nilimwambia. "Njoo umwone."

"Asipokuja, jioni mtoe vyombo. Chumba ni cha mtu wa kazi."

Liberatus alikuwa amesikia. Aliinuka akishika ukuta, akavaa koti lake. Nilisimama mlangoni nimzuie, akanisogeza taratibu kama mtu anayesogeza kiti.

"Dada, tutalala wapi?" aliniuliza.

Alichimba kwenye manyunyu mpaka saa sita, akaanguka ndani ya mtaro. Wenzake walimleta wamembeba. Kalinga alimwekea alama yake ya siku. Kwa hilo simdhulumu, aliiweka. Kesho yake tulimfunga kwenye machela tukampeleka nyumbani kwa mama, mwendo wa nusu siku, maana mama alikuwa ametuma neno kwamba anamtaka mikononi mwake. Alhamisi, tarehe kumi na moja Julai, mama akiwa anampoozea uji, Liberatus alikufa. Ijumaa tulimzika kwenye makaburi ya misheni ya kwetu, na padre akaandika jina lake na siku yake katika kitabu cha maziko.

Kwa desturi yetu dada wa marehemu hunyolewa nywele, analala chini, anapokea watu. Mama alikuja na wembe.

"Sinyoi, mama," nilisema. "Bado."

"Bado nini?"

"Bado sijamaliza."

Hakunielewa. Hata mimi nilikuwa sijajielewa vizuri, nilijua tu kwamba nikishanyolewa nitakaa chini kulia, na nikikaa chini Kalinga ataendelea kusokota sigara. Jumamosi nilirudi kambini, nikasema nimefuata vyombo. Nikaingia ofisini kwa Yunusu. Sikumwambia habari ya msiba.

"Kaka Yunusu, mtu akinyimwa siku zake za ugonjwa, anakwenda wapi?"

"Kwa Afisa wa Kazi, Mbeya." Alitazama mlango, akapunguza sauti. "Lakini nikueleze ukweli, dada yangu. Shamba litadai kipande. Kipande kikisema mtu alikuwepo kazini, basi mbele ya serikali alikuwepo, wala hakuugua. Wengi wamekwenda wakarudi hivyohivyo."

Nilimshukuru nikatoka. Nilikaa kwenye jiwe nje ya chumba chetu, nikakitoa kipande kwenye pindo la kanga. Vyumba ishirini vilikuwa vimejaa, kumi bado vitupu. Nilivitazama sana. Kama kipande kina nguvu ya kumfanya mgonjwa awe mzima, niliwaza, basi tuone kina nguvu kiasi gani.

Jumatatu tarehe kumi na tano nilijifunika gunia nikaingia shambani.

"Mia nne na sita!" Kalinga aliita.

"Nipo!"

Akaweka alama, akaandika tarehe.

Jirani yetu Marta alikuwa amekwisha jua. Alinitazama usoni mara moja tu pale kwenye mizani, na jioni akaja na kibuyu cha togwa.

"Mtoto ametutoka?" aliuliza.

"Ametutoka. Naomba mninyamazie."

Marta naye alikuwa amemshikia mumewe Yotamu kipande mara nyingi, mara ya mwisho akiwa na mimba ya miezi minane. Hakuuliza sababu. Siku mbili baadaye kambi nzima ilijua, na hakuna aliyelia wala kuja kutoa pole hadharani. Walinipitishia kuni mlangoni, unga, chumvi, wanaweka na kuondoka. Kalinga peke yake hakujua, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyezungumza naye zaidi ya kuitikia namba.

Siku zile kumi ndizo zilizonipa hiki mnachokiita kutu. Mchana nilikuwa maiti inayochuma chai. Chumbani nilikuta koti lake limening'inia msumarini, bado lina tope la mtaro. Nilikuwa na hasira kila nilipoliona. Alhamisi, tarehe kumi na nane, wiki moja kamili tangu afe, Kalinga aliingiza mkono kwenye kikapu changu akatoa majani.

"Mia nne na sita, umechuma magumu haya! Umelala?"

"Nisamehe, bwana nyapara."

"Na mdogo wako hajambo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Nilishika ukingo wa kikapu ili mikono yangu isifanye kitu kingine.

"Hajambo," nilijibu.

"Mwambie asidekee kitanda."

Alhamisi iliyofuata chumba cha thelathini kilijaa. Nilikifunga kipande kwenye pindo la kanga, nikapitia kwa padre wa kwetu akaniandikia barua kutoka kitabu cha maziko na kupiga muhuri, kisha nikashuka barabara kuu. Nilipata lori la Bushiri, mfanyabiashara wa Iringa, likienda Mbeya na shehena ya mahindi. Nilikaa juu ya magunia. Tulipofika Igawa tulisimama injini ipoe, watu wakashuka kununua ndizi, mimi sikushuka. Niliogopa nikitia kitu mdomoni nitaanza kulia, na nilikuwa nimejiwekea siku ya kulia.

Pale Mbeya karani wa ofisi ya kazi alikuwa Mnyakyusa mmoja, Andendekisye, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa benchi, akaandika maelezo yangu bila kunikatiza. Nilipofika kwenye tarehe ya kifo, alichukua kipande akakisogeza dirishani. Alipitisha kidole kwenye tarehe moja moja. Kisha akaweka kalamu chini.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimeshika kipande."

"Unajua hata wewe una kosa hapa?"

"Najua. Liandike nalo." Nilimsogelea. "Nina ombi moja, baba. Wakiitwa, waulizwe kwanza habari ya ugonjwa. Waulizwe kama alikuwepo kazini. Habari ya kaburi ibaki kwenu mpaka wawe wameapa."

Alichukua tena kalamu.

"Una uhakika gani kwamba wataapa uongo?"

"Namjua Kalinga. Akisema mgonjwa alikuwepo, ni kwa sababu siku zote imemfaa kusema hivyo. Hatabadilika kwa siku moja."

"Hayo ni ya Bwana Afisa kuamua," alisema, lakini aliyaandika.

Mwishoni mwa Agosti tuliitwa boma la Iringa. Afisa wa Kazi alikuwa Mzungu mwembamba mwenye mafua, Andendekisye amekaa pembeni yake akitafsiri na kuandika. Meneja wa shamba alikaa amekunja nne. Kalinga alivaa koti la kuazima lenye mikono mirefu, akanitikisia kichwa kama tunavyosalimiana kanisani. Mama alikuwa nje, amekataa kuingia.

Meneja hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Hapana mgonjwa kwa shamba yangu," alisema. "Hii manamuke nasema uongo. Leta kipande yake. Kipande nasema yote."

Nakuapia, waliomba wenyewe. Nilifungua pindo la kanga nikakiweka mezani.

Kalinga aliapishwa kwa Biblia. Aliishika kwa mkono wa kulia, sauti yake ileile ya rozari. Aliulizwa kama alama zile ni zake, akasema ni zake. Tarehe je? Ameandika yeye. Aliulizwa kama mia nne na sita aliwahi kumletea cheti cha ugonjwa.

"Hapana, bwana. Yule kijana alikuwa mzima. Hakukosa kazi kwa ugonjwa hata siku moja."

"Tarehe ishirini na nane Juni?"

"Alikuwepo."

"Tarehe nne Julai?"

"Alikuwepo, bwana."

"Tarehe kumi na nane Julai?"

"Alikuwepo."

"Ulimwona wewe mwenyewe?" Andendekisye alitafsiri swali hilo polepole sana. "Fikiri kwanza. Hukuambiwa na mtu?"

Angeweza kuniponyoka hapo. Angesema tu kwamba dada yake alikuwa akimshikia, na kitanzi kingebaki mkononi mwangu. Lakini kusema hivyo ni kusema Liberatus aliumwa, na meneja alikuwa pale anamtazama. Kalinga aliinua mkono ulioshika Biblia.

"Kwa macho yangu, bwana. Hata nilimgombeza siku hiyo, alikuwa amechuma majani magumu."

Afisa alipenga kamasi, akatoa barua ya padre chini ya karatasi zake. Andendekisye aliisoma kwa Kiswahili kwa sauti ya kawaida kabisa. Liberatus, mwana wa fulani na fulani, alikufa tarehe kumi na moja Julai, akazikwa tarehe kumi na mbili. Alipomaliza aliikunja akairudisha mezani.

Nimewahi kuona watu wakishtuka. Kalinga hakushtuka, alibaki amesimama tu na Biblia yake, midomo inasogea, kama anayehesabu siku. Kisha aligeuka kunitazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kunitazama usoni.

"Uliyemgombeza ni mimi," nilimwambia. "Nilikuwa nimetoka kumzika."

Nilifurahi. Ningeweza kuirudia saa ile kila siku ya maisha yangu nisichoke. Meneja alianza kusema kwa Kiingereza, haraka haraka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Shamba lilitozwa faini. Mimi nilionywa kwa kosa langu, nikatia dole gumba. Kalinga alifukuzwa kazi, akaambiwa asubiri hakimu kwa kiapo chake cha uongo. Lakini wiki ileile tuliporudi, Yotamu, mume wa Marta, alishikwa na homa akapeleka cheti, na nyapara mpya alikipokea kwa mikono miwili akaandika kwenye daftari: mgonjwa. Watu walikwenda kumtazama Yotamu amelala mchana kweupe huku siku zake zinahesabiwa. Alikuwa anaona haya, akajifunika blanketi mpaka puani.

Siku niliyokuwa nafunga vyombo vyangu Kalinga alipita na godoro lake kichwani, mkewe Lea nyuma yake na sufuria. Lea hakunitazama. Kalinga alisimama mbele ya mlango wangu, akashusha godoro.

"Evarista," alisema. Sikujua kama analijua jina langu. "Kwa nini hukuniambia kama amekufa? Shamba linatoa siku tatu za msiba. Alama zote unapewa, hakuna mtu anauliza. Ningekuandikia mimi mwenyewe."

Hakuwa akinidhihaki. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Alisema kwa moyo wake wote, mtu aliyeumia, kama vile mimi ndiye niliyemkosea kwa kutomwamini. Na ni kweli, siku za msiba zilikuwepo tangu zamani. Kila mtu kambini alizijua.

"Mzee Kalinga," nilimjibu, "mimi nilikuletea cheti akiwa hai."

Aliinua godoro lake, na Lea akamsaidia kuliweka sawa kichwani. Waliteremka njia ya kiwandani, wakapita kando ya ule mtaro, ambao ulikuwa umekauka.

Nilifika kwa mama jioni, jua bado lipo. Nilikaa chini uani nikafungua kitambaa kichwani. Mama aliingia ndani akatoka na wembe na bakuli la maji. Aliponyoa upande wa kwanza ndipo nilipoanza kulia, na majirani wakasikia, wakaanza kuja.